Baada ya cheti, cherehani iko wapi?

Wiki hii wanafunzi wapya wameanza cherehani ya mguu. Huwa nawaacha kwanza wakanyage bila uzi, juu ya karatasi ya gazeti, mpaka mguu uzoee kwenda mbele. Gurudumu likirudi nyuma uzi unajisokota na kukatika, na anayeiogopa mashine huvunjika moyo hapohapo. Karatasi haina hasara. Kitambaa kinayo: mshono ukienda upogo unafumuliwa, ila mkasi ukishapita umepita. Ndiyo maana vipimo na ukataji nafundisha polepole kuliko kitu kingine chochote.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni maisha yao baada ya mafunzo. Mama mwenye watoto hawezi kungoja mpaka ajue kushona suti ndipo aingize pesa. Kwa hiyo siku hizi naanza na marekebisho: kupinda suruali, kubadilisha zipu, kupunguza kiuno, kushona sare iliyochanika. Wapo wanaoziona kazi hizo ni za chini. Mimi sikubali. Mteja analeta nguo yake mwenyewe, fundi hahitaji mtaji wa kitambaa, na jioni hiyohiyo anarudi nyumbani na hela.

Leo tumepiga hesabu za bei. Mmoja alipanga bei ya kubadilisha zipu kwa kuhesabu zipu na uzi tu. Nikamuuliza, na muda wote uliokaa hapo, nani anaulipa? Akanyamaza, akaandika upya, safari hii akiweka muda wake, sindano zinazovunjika na mafuta ya cherehani. Bei mpya akaitaja kwa sauti ya chini kama anayeomba radhi. Wenzake wakamwambia airudie kwa nguvu. Akairudia! Nimefurahi mno.

Imebaki cherehani yenyewe. Kampuni ya Singer ilianza kuuza mashine kwa malipo ya kidogokidogo tangu miaka ya 1850, kwa kuwa familia nyingi zisingeweza kulipa kwa mkupuo. Kikwazo hicho bado kipo. Nataka darasa letu liwakopeshe wahitimu mashine wawiliwawili, walipe kutokana na marekebisho, na fedha zinazorudi zimnunulie anayefuata. Kesho tutakaa pamoja tukubaliane kiwango cha kila wiki. Wao ndio wapange, maana ndio wanaojua ni wiki zipi huwa ngumu.