Dakika za ndege fupi zinaenda wapi

Jamani hizi safari fupi za ndege watu wanazichukulia poa sana, wanagugo umbali wa viwanja viwili wanaona kilomita 300, wanagawa kwa spidi ya ATR 72, ile ndege ya mapanga ya safari fupi, ambayo ni kama kilomita 500 kwa saa, wanapata dakika 36 alafu wanapanga kikao juu kwa juu. Yangu ya juzi tiketi iliandika saa nzima na ikaisha yote, nipo dirishani naona mapanga yanazunguka lakini bado tunatambaa chini tunasubiri mwenzetu atue, tumepaa, haijakaa sawa juu rubani keshaanza kushuka. Mda wa tiketi unahesabiwa toka ndege inatoka maegesho mpaka inapaki, sio hewani tu. Na zile kilomita ni za mstari ulionyooka, wakati ndege inazunguka kuutafuta upande wa kutua, bado upepo wa mbele. Kule Scotland kuna ndege ya kisiwa cha Westray kwenda kisiwa cha Papa Westray, ni kama kilomita 2.7, dakika 2 tu umefika! Ila ukiwa unaunganisha ndege nyingine acha nafasi ya kutosha, hasa kama una mzigo.