Daftari la Ithamari

Somo la juma hili: Kutoka 31:1–17 na Kutoka 38:21–31

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilifuma blanketi la mtoto mchanga kwa kroshia. Uzi ulikuwa wa rangi ya maziwa, na pembeni nikalizungushia pindo la kijani. Dada mmoja wa kanisani alinikuta namalizia pindo, akalishika, akaligeuza nyuma na mbele, akaniuliza, "Dada, hili unauza?" Moyo wangu uliruka kwa furaha. Kisha akauliza ni bei gani, na hapo nikapatwa na kigugumizi. Nilimtajia pesa ya uzi peke yake, tena nikaipunguza kidogo, nikamalizia kwa kusema, "Usijali, mimi napenda tu kufuma." Akalipa palepale, akashukuru, akaenda zake.

Usiku ule usingizi haukuja upesi. Nikaanza kupiga hesabu. Blanketi lile lilikuwa na mistari 120, na mstari mmoja ulinichukua kama dakika 12. Jumla dakika 1,440. Yaani saa 24 kamili, siku moja nzima ya maisha yangu, mchana wake na usiku wake. Nilikuwa nimeikunja vizuri, nikaitia kwenye mfuko, nikamkabidhi mtu huku nikimhakikishia kwamba haina bei. Nami jambo hilo nililiita unyenyekevu.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu najua siko peke yangu. Katikati yetu wapo wanaoshona, wanaosuka vikapu, wanaotunga shanga, wanaochonga, wanaofinyanga, wanaotengeneza kadi na mishumaa na sabuni. Wengi wanatamani kazi hiyo iwape riziki, hata kidogo tu. Na wengi hukwama palepale nilipokwama mimi, pale mtu anapouliza bei.

Tukizungumzia kazi za mikono, mara nyingi tunaelekea Kutoka 31, na ni haki yetu kufanya hivyo. Mungu anamwita Bezaleli kwa jina aitengeneze maskani, hema la ibada la Waisraeli, anamjaza Roho, na anachotajiwa kupewa ni ujuzi wa kufanya kazi katika dhahabu, fedha na shaba, kukata vito na kuchonga miti. Anapewa pia msaidizi, Oholiabu. Sura ya 35 inawaongeza wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao, hata singa za mbuzi. Mtu aliyewahi kuambiwa kwamba kupenda uzi na sindano ni mchezo wa kupotezea muda, na azisome sura hizo taratibu.

Lakini wachache wetu huendelea kusoma hadi sura ya 38. Nakiri hata mimi nilikuwa nairuka. Inaonekana kavu. Maskani imekamilika, uzuri wote umeshaelezwa, na ghafla Maandiko yanafungua daftari la hesabu. Dhahabu iliyotumika, kwa vipimo vya uzito vya wakati ule: talanta 29 na shekeli 730. Shaba: talanta 70 na shekeli 2,400. Fedha: talanta 100 na shekeli 1,775. Aliyesimamia hesabu hiyo anatajwa kwa jina: Ithamari, mwana wa Haruni. Kuhani! Si karani wa pembeni aliyeitwa kwa kuwa watu wa kiroho walikuwa na mambo makubwa zaidi ya kufanya.

Iangalie ile fedha kwa karibu. Wanaume waliohesabiwa walikuwa 603,550, na kila mmoja alitoa nusu shekeli. Gawanya kwa mbili utapata shekeli 301,775. Talanta moja ni shekeli 3,000, kwa hiyo talanta 100 ni shekeli 300,000, na zinazobaki ni 1,775. Hesabu inakubali hadi shekeli ya mwisho. Kisha tunaambiwa zilikwenda wapi: talanta 100 zikawa vitako 100 vya kusimamishia maskani, talanta moja kwa kila kitako, na zile 1,775 zilizobaki zikatengenezewa kulabu za nguzo, kufunika vichwa vyake na vitanzi vyake. Hata kulabu ziliingia kwenye hesabu.

Sasa mkumbuke baba yake Ithamari. Sura sita tu nyuma, Haruni naye alipokea dhahabu ya watu na kufanya kazi ya sanaa, sanamu ya ndama ambayo watu waliiabudu. Musa alipomwuliza imekuwaje, alijibu kwamba aliitupa motoni, akatoka ndama huyu. Ndiyo hesabu yote aliyoitoa. Hakusema alipokea kiasi gani wala ni mikono ya nani iliyofanya kazi, ingawa mistari ya mwanzo ya sura ileile inasema waziwazi kwamba yeye mwenyewe aliitengeneza kwa patasi. Baba alisema kitu kimejitokea tu. Mwana akaandika kila shekeli.

Niliposoma sura hizo mbili pamoja, nilijiona nimesimama upande wa Haruni. Nikiulizwa kuhusu blanketi, jibu langu lilikuwa lake kabisa: nilishika tu uzi, likatoka blanketi. Saa zangu 24 sikuzitaja. Wala sikuitaja sindano iliyovunjika katikati ya kazi nikanunua nyingine, wala nauli ya kufuata uzi uleule ulipoisha dukani, wala mistari 15 niliyoifumua kwa sababu pindo lilikuwa linakunjamana. Niliificha kazi yangu kana kwamba ni aibu.

Kwa hiyo nawashauri, kama dada yenu, mtu anayetaka kugeuza kipaji chake kuwa biashara asianze na jina zuri la biashara wala nembo. Aanze na daftari. Kila kazi iwe na ukurasa wake. Aandike malighafi yote, pamoja na vile vidogo tunavyovidharau: uzi wa kushonea, gundi, vifungo, karatasi ya kufungashia. Aandike muda, akitazama saa kweli, maana tunapofurahia kazi tunajidanganya kuhusu muda kuliko kitu kingine chochote. Aandike sehemu ya vifaa vinavyochakaa, nauli, na pesa anayokatwa na mahali anapouzia. Halafu aamue saa yake moja ina thamani gani, aizidishe kwa idadi ya saa alizotumia, ajumlishe na gharama zote, na juu yake aweke faida ya kukuzia mtaji. Mara ya kwanza jumla hiyo itamtisha. Mimi ilinitisha hadi nikafunga daftari.

Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14:28, anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Najua mfano ule unahusu kumfuata yeye, na sitaki kuupindisha uwe somo la biashara. Ila aliwaambia watu ambao kuhesabu gharama kabla ya kazi lilikuwa jambo lisilohitaji kuelezwa.

Jumla ikikutisha, kuna njia za haki za kuishughulikia. Pengine bidhaa hiyo inachukua muda mrefu mno na haifai kuwa ya kuuza. Iache iwe kazi ya moyo, uuze nyingine iliyo ndogo na nyepesi. Pengine mkono wako utaongeza kasi ukitengeneza za aina moja kumi badala ya aina kumi tofauti. Au wanunuzi wa kitu hicho hawako hapo unapouzia. Usichopaswa kufanya ni kuifuta mistari ya daftari ili bei ishuke. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na siku zote tumehubiriwa kuhusu muuzaji anayempunja mnunuzi. Ni kweli. Lakini mizani inayompunja aliyefanya kazi nayo haisemi kweli.

Na kuna mtu wa tatu tunayemsahau. Yuko mama mahali fulani ambaye kufuma si burudani yake ya jioni. Ndiyo ada ya shule ya watoto wake. Ninapouza blanketi kwa bei ya uzi, mteja wangu anaondoka akiamini kwamba hiyo ndiyo bei ya blanketi. Kesho atakwenda kwa mama yule na kumwita mwizi. Jambo hili liliniuma kuliko zile saa 24. Nilidhani nimempunja mtu mmoja tu, yaani mimi mwenyewe.

Mtu atauliza, je, na ukarimu? Dorkasi wa Yafa, katika Matendo 9, hakuuza kanzu alizoshona. Alipokufa, wajane walisimama mbele ya Petro wakilia, wakimwonyesha nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Mungu atupe akina Dorkasi wengi! Lakini tazama, zile zilikuwa zawadi, na kila mtu alijua ni zawadi. Yule mwanamke wa Mithali 31 katika mstari wa 20 anawakunjulia maskini mikono, na katika mstari wa 24 anafanya nguo za kitani na kuziuza. Mistari minne tu inatenganisha mambo hayo, na mikono ni ileile. Anajua lini anatoa na lini anauza. Mimi sikuwa nimemfanyia dada yule ukarimu, nilimwogopa. Niliogopa atasema ni ghali, niliogopa wataniona nina tamaa. Siku hizi nikitaka kumpa mtu, nampa bure kabisa, na kwenye daftari naandika neno "zawadi" pamoja na saa zake zote. Hapo nafahamu nimetoa nini, na ninapomshukuru Mungu kwa kunipa cha kutoa, namshukuru kwa kitu ninachokijua.

Mambo mengine nayapitia haraka. Pokea arubuni kabla ya kuanza oda, hasa ya kitu chenye jina la mtu ambacho hakiuziki kwingine. Taja siku ya kumaliza uliyo na hakika nayo, si ile ambayo mteja anatamani kuisikia. Ndiyo yako iwe ndiyo. Pesa ya kazi isichanganywe na pesa ya nyumbani. Usichukue mchoro wa mwenzako ukauita wako. Na kasoro usiifiche. Nyuma ya kazi ya kufuma kuna mahali nyuzi mbili zinapoungana, na fundi anaweza kukata ncha fupi ili ionekane safi leo, au akaipitisha ncha ndani ya nyuzi nyingine kwa sindano, kwenda na kurudi, ili isifumuke ikifuliwa mara ya kumi. Mteja haoni tofauti siku ya kununua. Wakolosai 3:23 inatuambia tufanye kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu, na mimi siku zote huukumbuka mstari huo nikiwa kwenye ncha za uzi.

Limebaki jambo moja ambalo lazima nilikazie. Kipaji kikishakuwa biashara, kinaweza kuanza kukukausha. Zamani ulifuma kwa raha. Sasa kuna oda sita, mkono unauma, na uzi unaoupenda unautazama kama deni. Nimefika hapo. Nilikuwa nafuma Jumapili alasiri nikijiambia ni kazi ya mikono tu, tena kipaji cha Mungu, dhambi iko wapi?

Rudini Kutoka 31. Mungu anamaliza kumtaja Bezaleli na Oholiabu na vyombo vyote watakavyotengeneza, na neno linalofuata mara moja, kuanzia mstari wa 12, ni Sabato. Sura ya 35, kabla kazi haijaanza, Sabato inatangulia tena. Wale watu walikuwa wanatengeneza maskani ya Mungu mwenyewe, na hata kazi hiyo haikupewa ruhusa ya kula siku ya pumziko. Oda zangu sita ni nini basi? Nilimpigia kila mteja nikaomba muda zaidi. Mmoja alikasirika na kudai arubuni yake, nikamrudishia yote. Watano walingoja. Na tangu wakati huo kila mwaka natengeneza kitu kimoja kisichouzwa wala kuagizwa na mtu, cha polepole, ambacho hata nikikifumua mara tatu hakuna anayesubiri.

Juma hili nawaomba, kila mwenye kazi ya mikono achukue kitu kimoja alichokitengeneza karibuni, akae nacho kimya mbele za Bwana, na aandike kweli yote kuhusu kitu hicho: kilitumia nini, kilichukua muda gani, nani alimfundisha. Hilo la mwisho msiliache. Bezaleli alitiwa moyoni kufundisha pia, na wengi wetu tulishikwa mkono na mtu ambaye hakudai kitu.

Tuombe.

Bwana, wewe uliyemwita Bezaleli kwa jina, unayajua majina yetu na unaijua mikono yetu. Utusamehe pale tulipoiita kazi uliyotupa kuwa si kitu. Mpe ujasiri yule atakayeulizwa bei juma hili, asiseme uongo wa kupandisha wala wa kushusha. Mkumbuke mama anayelisha watoto kwa sindano. Mletee wateja wenye haki, na sisi tusiwe sababu ya yeye kukosa. Wenye mikono inayouma kwa wingi wa oda, uwapumzishe. Na yule dada mwenye blanketi la rangi ya maziwa, mbariki mtoto wake popote alipo, ambaye sasa ni mkubwa kuliko blanketi lenyewe. Kwa jina la Yesu Kristo, amina.