"Nauza Viazi Tu"

Wiki iliyopita, mama mmoja ninayenunua kwake viazi mviringo pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, aliniambia kwamba yeye hafanyi kazi. Nilikuwa nimemwamkia na kumuuliza habari za kazi, naye, huku akijaza sado mpaka viazi vikafanya kilima, akajibu: "Kazi mnayo ninyi wa maofisini, mwanangu. Mimi nauza viazi tu." Siku hiyo alikuwa ameamka saa tisa usiku ili awahi gari la mzigo kutoka Isyonje.

Hiyo "tu" inaniumiza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilizungumzia nchi ya wakulima na wafanyakazi, na jembe na nyundo vimo katika bendera ya CCM tangu mwaka 1977. Lakini katika mazungumzo yetu ya kila siku mfanyakazi amebaki kuwa yule mwenye mwajiri na mshahara wa mwisho wa mwezi, hata kibarua anayebeba gunia la lumbesa mgongoni kutwa nzima husema anabangaiza.

Majina mengine watu kama mama huyu wamepewa na watu wa juu. Vitambulisho vya serikali vya shilingi 20,000 vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 viliwaita wajasiriamali wadogo, na mama huyu hana ugomvi na jina hilo. Mlalahoi wanaitana wenyewe kwa wenyewe, ila likitoka kinywani mwa mwenye gari huwa tusi. Neno analolikataa kabisa ni mnyonge, ingawa limetamkwa majukwaani kwa nia ya kumtetea. "Mnyonge ni mtu aliyeshindwa kuinuka kitandani," aliniambia. "Mimi nimesomesha watoto watatu kwa viazi hivi." Nadhani ana haki, kwa sababu anayekuita mnyonge amekwisha kukuhurumia kabla hajakuuliza unapata kiasi gani na nani anakupunja.

Nami sina usafi katika jambo hili. Nilipokuwa naingia kidato cha kwanza, fomu ya shule ilikuwa na nafasi ya kujaza kazi ya mzazi, nami nikaiacha wazi, ilhali ada yenyewe ilitoka katika shamba la mama yangu kule Uporoto. Aliporudi jioni aliiomba aione. Hakusema neno, aliishika kwa ncha za vidole ili asiichafue kwa udongo, akaisoma mpaka mwisho, kisha akanirudishia.