Sensa ya kioo hupimwa mapazia yakiwa yamefungwa

Kabla ya kununua sensa ya kioo, yaani kihisi cha kengele ya wezi kinachosikia kioo kikivunjwa, tazama madirisha. Nyumba nyingi za zamani Arusha na Moshi zina vioo vya luva, na mwizi hana haja ya kuvunja luva: anakunja vishikizo vya bati, anachomoa kioo kimoja kimoja na kukilaza kwenye majani. Sensa haitasikia kitu. Huko weka sensa ya mwendo. Ya kioo ibaki kwa madirisha ya aluminiamu na milango ya vioo.

Sensa hii ni maikrofoni. Husubiri sauti mbili zinazofuatana: kishindo cha kioo kupigwa, kisha mlio mwembamba wa vipande. Nyingi hufika mita 6 hadi 7.5, ila si penye kizuizi. Yale mapazia mazito ya Juni na Julai, baridi inapokaza, hunyonya huo mlio mwembamba. Fundi akipima mchana mapazia yakiwa wazi, kila kitu kinaitikia. Usiku sensa hiyohiyo ni kiziwi. Ifunge ukutani ikitazamana na dirisha, na pazia likiwa zito ihamie nyuma yake, juu ya fremu. Jikoni usiweke kabisa.

Kebo ya nyuzi nne inatosha. Nyekundu na nyeusi hutoka kwenye AUX, sehemu ya kutolea umeme kwenye paneli (boksi kuu la kengele), volti 12. Mbili zilizobaki ni za zoni, yaani njia ambayo paneli inaisoma sensa; zinaingia NC na C za sensa, ncha za swichi inayobaki imefungwa hadi sensa ishtuke. Ukitaka na ulinzi wa kifuniko, yaani paneli ijue sensa ikifunguliwa, vuta ya nyuzi sita.

Sasa rizista, kipande kidogo cha kupunguza umeme ambacho paneli hukisoma kujua kama waya ni mzima, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Thamani yake, inayopimwa kwa omu, hufuata chapa ya paneli: DSC nyingi hutumia omu 5,600, Paradox omu 1,000. Mguu mmoja unabanwa kwenye NC, mwingine unaungana na waya wa zoni, ndani ya sensa yenyewe. Wengi huiacha kwenye boksi la paneli kwa sababu ni rahisi. Matokeo yake, msumari wa dari ukibana kebo na nyuzi mbili zikagusana, paneli inaona zoni nzima ni salama, hata kioo kivunjwe. Rizista ikiwa mwisho wa waya, mguso huo unashusha omu karibu na sifuri na hitilafu inaonekana palepale. Sensa mbili kwenye zoni moja? Zifuatane, rizista moja tu, kwenye ile ya mwisho.

Kabla ya kuingiza zoni kwenye paneli, weka mita ya kupimia omu kwenye nyuzi zake mbili huku sensa ikiwa na umeme: isome thamani ya rizista, na sensa ikishtuka njia ikatike kabisa. Kwenye programu, zoni iwe ya mzunguko wa nje wa nyumba (perimeter), ili ilinde hata mkiwa mmelala ndani.

Kupiga makofi kunaonyesha tu kwamba maikrofoni ni nzima. Tumia kifaa cha majaribio kinacholingana na sensa, ukisimama dirishani, pazia limefungwa. Kisha zima swichi kuu, acha mfumo kwa betri saa nzima, upime volti kwenye sensa ya mbali kuliko zote. Zikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yake, badilisha betri au vuta kebo nene zaidi.