Mhasibu aliyehesabu mifuko

Hapa Himo ukiulizia mhasibu, utaelekezwa kwa watu wanne kabla hujafika njia panda. Mmoja anatoa fotokopi, mwingine ni wakala wa pesa za simu, na wote wana laptopu. Wangu nilimpata hivyo hivyo, nilipoacha kufanya biashara kwa jina langu nikasajili kampuni BRELA kwa ajili ya duka la pembejeo. Laki mbili kwa mwaka. Kila Juni anakuja mbio mbio kabla ya tarehe 30, anauliza mauzo, kisha, "Mzigo uliobaki tuweke ngapi, mama?" Namtajia namba iliyonijia kichwani, anagonga muhuri wa bluu, anakunywa soda, anaondoka.

Mwaka jana nikaomba mkopo niingize mbolea kabla ya masika. Afisa mikopo alifungua ukurasa wa mwisho tu wa mahesabu yangu. "Mama, huyu aliyesaini hayumo kwenye orodha ya bodi." Mimi nikadhani anasema bodi ya mikopo ya wanafunzi! Kumbe ni NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ambayo sheria yake ni ya 1972, na mimi mwenye kampuni sijawahi kuisikia. Miaka mitatu nimekuwa nikihudumiwa na kishoka. Nilimpigia simu. Hapokei mpaka leo.

Shangazi akanikumbusha kuna kijana wa ukoo wetu ana CPA, cheti cha uhasibu, ameajiriwa huko Marangu. Nikajua yameisha. Yule kijana alikuwa mkweli: "Dada, CPA ninayo, lakini kukusainia siwezi." Akanieleza kwamba kufaulu mitihani ni jambo moja, na kuruhusiwa na bodi kukagua hesabu za watu ni jambo jingine. Anayesaini za kampuni lazima awe amesajiliwa kama CPA-PP, yaani anayefanya kazi hiyo kwa umma, na awe na ofisi inayotambulika. Hilo ndilo ningetaka mtu aniambie mapema, maana mjini kwetu neno CPA likishatajwa, watu wanafunga mjadala.

Basi nikapanda Hiace hadi Moshi kwa mkaguzi wa aina hiyo. Ofisi iko ghorofani, chini wanauza vitenge. Niliona aibu kuomba cheti, nikawa nazunguka zunguka na maneno, hadi yule dada mkaguzi akacheka mwenyewe: "Mama, cheti kile pale ukutani, ila usiamini ukuta. Tafuta jina langu kwenye tovuti ya bodi." Nikalitafuta palepale kwenye simu, likatokea. Bei yake ilikuwa milioni na nusu. Nilimeza mate.

Alikuja Himo amevaa raba na kuuliza kama tuna ngazi. Ngazi ya nini? Ya kuhesabia mifuko. Akapanda juu ya stoo, mfuko kwa mfuko, DAP huku, urea kule, kijana wangu wa dukani anaandika huku jasho linamtoka. Halafu akaomba risiti za manunuzi. Nilikuwa nimezitunza vizuri kabisa, kwenye boksi la sabuni, juu kabisa chini ya bati. Akafungua: karatasi nyeupe! Zile za mashine ya EFD joto limezifuta zote, na kumbukumbu za kodi unatakiwa uwe nazo miaka mitano. Tulishinda siku mbili tukiwaomba wauzaji wa jumla nakala. Sasa kila risiti ikiingia naitoa fotokopi siku hiyo hiyo, tena kwa yule jirani aliyekuwa anaitwa mhasibu.

Hesabu ya urea ilipungua mifuko 23. Kijana wa dukani akaanza kulia, mimi nikaanza kumtazama vibaya. Dada akasema tusubiri, akaomba daftari la madeni, akalipekua taratibu hadi jalada la nyuma. Pale, kwa mwandiko wangu mwenyewe, mifuko 17 ya shemeji, "atalipa akiuza mahindi". Sita ilikuwa imechanika, tukaimwaga shambani kwetu bila kuiandika popote.

Wiki iliyofuata shemeji akapokea barua rasmi kutoka Moshi ikimtaka athibitishe kwa maandishi kuwa anadaiwa na kampuni. Alikuja dukani ameishika, hajasalimia mtu, akalipa mifuko minane. Tisa bado.