Nilivyoielewa kani kwa kamba mbili za mkokoteni

Fizikia ya kidato cha tatu ilinisumbua mahali pamoja: kujumlisha kani, yaani nguvu za kusukuma au kuvuta, zinazopimwa kwa nyutoni. Kwenye daftari nilishaandika kwamba kani ni vekta, ina ukubwa na ina mwelekeo, na nilikuwa nimekariri hivyo hivyo. Lakini swali likisema watu wawili wanavuta kwa nyutoni 250 kila mmoja, mkono unaandika 500 kabla sijatazama mchoro.

Nyumbani tulikuwa tunachota maji kwa mkokoteni. Madumu 10 ya lita 20, ukijumlisha na mkokoteni wenyewe, ni kama kilo 250. Karibu na kwetu kuna kipande cha njia chenye mchanga tifutifu katikati, ukikanyaga unazama mpaka kwenye kifundo. Kwa hiyo mimi na kaka tulifunga kamba mbili pale mbele, kila mmoja akapita upande wake kwenye ardhi ngumu. Kamba zilikuwa fupi, mita 2 hivi. Viganja vilitoka malengelenge, na mkokoteni unajikongoja tu.

Jioni moja niliazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani yetu muuza samaki, nikaiunga kwenye kamba. Kaka akavuta, mshale ukasimama kwenye kilo 25, yaani karibu nyutoni 250. Mimi vilevile. Kisha nikaingia mchangani, nikauvuta mkokoteni peke yangu, moja kwa moja mbele na taratibu, nikihakikisha mwendo hauongezeki wala haupungui. Kilo 20. Mwendo usipobadilika, kani zote zimesawazishana. Basi nyutoni 200 ndizo zilizokuwa zinaliwa na mchanga.

Usiku nikachukua karatasi, rula na protrakta. Sentimita 1 iwe nyutoni 50. Nikachora mistari miwili ya sentimita 5, kila mmoja ukiachana na njia kwa digrii 60, kama kamba zetu zilivyokuwa. Nikakamilisha msambamba, umbo la pande nne lenye pande zinazotazamana zikiwa sambamba, nikapima ulalo wake kutoka pale mistari ilipoanzia hadi kona ya mbele, ambao ndio jumla ya kani mbili: sentimita 5. Nikapima tena, nikidhani rula imeteleza. Tano. Watu wawili tulikuwa tunavuta kama mtu mmoja! Nguvu nyingine ilikwenda pembeni, nyutoni 217 kila upande, mimi na kaka tukivutana wenyewe kwa wenyewe.

Ukitoa 200 za mchanga kwenye 250, zinabaki 50. Hapo ndipo kanuni ya pili ya Newton, aliyoichapisha mwaka 1687, iliponiingia kweli: mchapuko, yaani mwendo unavyoongezeka kila sekunde, ni kani iliyobaki, baada ya kujumlisha zote pamoja na mielekeo yake, ugawe kwa tungamo, yaani kilo za mzigo. Hamsini kwa 250 ni 0.2, mita kwa sekunde kwa kila sekunde. Ndiyo maana ulikuwa unajikongoja.

Nikachora upya kwa digrii 30. Ulalo ukafika sentimita 8.7, sawa na nyutoni 433 hivi. Toa 200, zinabaki 233, na mchapuko unakuwa 0.93. Zaidi ya mara nne, bila yeyote kuongeza nguvu hata kidogo. Kesho yake tukarefusha kamba hadi mita 3 na nusu, ili pembe ipungue huku sisi tukibaki pale pale pembeni. Kaka alivuta mara moja akageuka kunitazama.

"Umetoa madumu?"

"Yote yamo, kaka. Hesabu."

Baadaye kaka alisafiri, nikabaki na mdogo wetu ambaye mizani ilimpa kilo 15. Mkokoteni ukawa unakuja upande wangu kila tukivuta. Safari hii sikusubiri usiku: kani za pembeni hazikulingana, yangu 125, yake 75. Nikairefusha kamba yangu hadi karibu mita 6, ili pembe yangu ipungue na kani yangu ya pembeni ishuke ilingane na yake, yake nikaiacha kama ilivyo. Magurudumu yakanyooka na njia, tukafika nyumbani kabla ya magharibi.