Yule Mwenye Kofia Si Kaisari

Sarafu yangu ya kwanza ya Kirumi niliinunua mwaka jana hapa Birmingham, kwenye meza ya mzee mmoja, kwa pauni 18. Denarius za fedha zilinishinda bei (dinari yetu imetokana na jina hilo, kupitia Kiarabu), nikachukua kishaba chenye kichwa kilichovaa kofia ya vita. Nyumbani nikaandika kwenye kadi: "Kaisari Constantine, shaba." Kadi hiyo ilikaa wiki mbili kabatini, na haikuwa kweli.

Marehemu baba alikuwa fundi saa Tanga, na lenzi yake ndogo ya kubana jichoni nilikuja nayo huku. Usiku mmoja nikaivaa, nikaacha kutafuta jina, nikaandika ninachokiona tu. Kichwa kinatazama kushoto. Kofia ina kishungi. Maandishi: VRBS ROMA. Warumi walichonga V mahali pa U, kwa hiyo ni Urbs Roma, Mji wa Roma. Kumbe si Kaisari! Ni Roma yenyewe, mji uliopewa sura ya mwanamke. Constantine alianza kuzitoa sarafu hizi mwaka 330, alipozindua mji mkuu wake mpya, Constantinople, ambao nao ulipata sarafu yake. Mimi naiona kama heshima kwa mji mkongwe, usijione umetupwa.

Nyuma yuko mbwa mwitu jike, shingo ameigeuza kuwaangalia Romulus na Remus, mapacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma, wakinyonya, na nyota mbili juu yake. Chini ya mstari kuna herufi tatu zilizonikosesha usingizi: TRP. TR ni Trier, mji ulioko Ujerumani ya leo. P ni prima, yaani karakana ya kwanza ya kiwanda cha sarafu cha huko. Sarafu ina umri wa karibu miaka 1,700, na bado inataja chumba ilimopigiwa chapa.

Kadi mpya ina upana, milimita 17, uzito, gramu 2.4, na mkao wa pande mbili. Ukiigeuza sarafu yangu kama ukurasa wa kitabu, mbwa mwitu anatokea miguu juu. Wakusanyaji huandika 6, kwa kufuata mshale wa saa. Mimi kwa kalamu naandika 6, kwa mdomo nasema saa kumi na mbili. Risiti ya yule mzee naiweka pamoja na kadi, maana sarafu isiyojulikana ilikotoka siitaki ndani kwangu.

Nakuomba jambo moja: usiisugue. Kwetu shaba ilisuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka iwake, na mkono wangu ulishaanza kuitafuta ndimu. Ule utando wa kijani kilichoiva ndio ngozi yake, ukiuondoa, haurudi. Ila ukiona unga wa kijani hafifu unaopukutika, itenge haraka na nyingine, maana huo unaila shaba.

Picha nazo nilizipiga kwa mwanga wa simu, zikatoka bapa kama kifungo cha shati. Nikahamia dirishani asubuhi, nikaiweka sarafu juu ya karatasi nyeupe, mwanga ukiijia kutoka upande ambao mshale huonyesha saa nne. Kivuli kikalala vizuri kwenye mikunjo. Ndipo nilipouona mguu wa mtoto wa pili.